Pedali Iliyosingiziwa

Kila jioni Gachau aliporudi kutoka kiwandani, dada yake Wamboi alichukua kitambaa akafuta baiskeli yake ya mashindano. Pedali zake hazikuwa kama za baiskeli nyingine za Makongeni. Viatu vya Gachau vilikuwa na kipande cha chuma chini ya soli. Ukikanyaga, pedali ilikidaka chuma hicho, tak! Ili kujinasua, ulipaswa kuzungusha kisigino kwa nje.

"Kazi yako ni kusugua tu," rafiki yake Idah alimtania. "Kupanda, thubutu!"

Siku moja Gachau alipokuwa akioga, Wamboi alijaza magazeti ndani ya viatu vile ili vimtoshe, akavivaa na kupanda baiskeli. Alifika dukani vizuri. Aliposimama, alisahau kisigino. Akavuta mguu juu, akavuta tena, kisha akaanguka kiubavu kama gunia la viazi.

"Haiya!" Idah akapiga kelele mlangoni mwa duka. "Njooni mwone, baiskeli imempanda Wamboi!"

Gachau alifika mbio. "Umeumia? Ulizungusha kisigino?"

Watoto wote waliokusanyika walikuwa wakimtazama Wamboi.

"Nilizungusha kwa nguvu zangu zote," akajibu. "Pedali ndiyo imekwama."

Gachau hakumgombeza. Alimwamini. Aliazima bisibisi dukani, akainama papo hapo akalegeza skrubu za springi kwenye pedali zote mbili ili ziachie viatu upesi. "Pole, mdogo wangu," akasema. Wamboi hakuweza kumtazama.

Jumapili, Kocha Nafuna alikuwa akichagua waendeshaji wa mashindano ya Thika hadi Ruiru. Nafasi ilibaki moja, na Wamboi alikuja kutazama. Gachau aliushambulia mlima wa majaribio, akasimama juu ya pedali na kuvuta kwa nguvu. Kiatu kikachomoka. Akaanguka, goti likachunika, damu ikachirizika hadi kwenye soksi.

Kocha aliishika pedali. "Springi imelegea kabisa! Nani amefanya ujinga huu?"

"Ni mimi, Kocha. Ilikuwa inakwama."

"Inakwama namna gani?"

Gachau alipangusa damu gotini. Hakumtaja dada yake.

"Hujui hata ubovu wenyewe, halafu unashika bisibisi? Nafasi hii nampa Fahim, anayekufuata kwa kasi."

Uso wa Wamboi uliwaka moto. Afadhali Gachau angemnyoshea kidole.

"Haikukwama!" Wamboi alisema. "Nilisahau kuzungusha kisigino. Niliona aibu kuanguka, nikaisingizia pedali."

Gachau alimtazama, kisha akalitazama goti lake. Mtazamo ule ulimchoma Wamboi kuliko vicheko vyote vya dukani.

Kocha alikaza skrubu kidogo kidogo, Gachau akijaribu kuingiza na kutoa mguu, mpaka pedali ikashika vizuri na kuachia vizuri. "Rudia," akaamuru. Gachau akapanda mlima akiuma meno. Kiatu hakikuchomoka.

"Nafasi ni ya Gachau," Kocha alisema, kisha akamgeukia Wamboi. "Sisi sote tulianguka tulipoanza kuvaa viatu hivi. Mimi nilianguka mbele ya kwaya nzima ikitoka kanisani! Aibu ya kuanguka huisha ukishajipangusa vumbi. Lakini ulipomdanganya kaka yako, alitengeneza kitu kizima, akakiharibu, akaumia. Ukitaka jambo lirekebishwe, lieleze lilivyotokea, hata likikuaibisha."

Wamboi aliitikia kwa kichwa. Gachau alikuwa akishuka polepole, goti bado likivuja damu. Wamboi alianza kupanda kumlaki, bila kujua ataanza na neno gani.