Kiti cha Mwenye Hadithi

Kanga iliyofunika kiti cha mbele ilikuwa imelowa, na mtaa wa Ngarenaro haukuwa umeona mvua tangu wiki iliyopita. Twahira aliigusa kwa vidole viwili, akavinusa. Tope la kisimani.

Kwa miaka mingi, kila kikundi chao kilipocheza "Mke wa Kisimani" katika ukumbi huu, kiti hicho kiliachwa wazi kwa ajili ya mwenye hadithi: mwanamke aliyesukumwa kisimani na mumewe, huko juu mashambani Meru, akarudi akiwa jini. Mchezo wenyewe ulikwenda kwa nyimbo tangu mwanzo hadi mwisho, na mwimbaji mkuu alikuwa Twahira. Mwishoni, watu wakiwa bado wanatetemeka, aliimba wimbo wa kumuaga, uliofungwa na maneno haya: "Umelipwa, mama, rudi ukalale." Hakuna aliyenyanyuka kabla ya mstari huo.

Leo mchezo ulikuwa umegeuka filamu, nayo ilionyeshwa humo humo kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, mama." Alikuwa Godwin, mwongozaji wa filamu. Twahira ndiye aliyemfundisha kuimba, enzi akiwa mtoto wa kushika taa za jukwaani.

"Marahaba. Godi, mwanangu, hicho kiti..."

"Ah, mama! Hayo tuliyaacha jukwaani." Akaivuta kanga, akaitupa sakafuni, akaketi. "Hii ni sinema. Jini lenyewe tumelifungia kwenye kompyuta."

Watu wakacheka. Hata Blessing, binti aliyepewa nafasi ya Twahira kwenye filamu, alicheka, ingawa ndiye aliyeinama kuiokota kanga na kumpa Twahira kwa mikono miwili.

Taa zikazimwa. Twahira alitaka kuichukia filamu, ikamshinda. Ukungu wa Meru ulishuka juu ya migomba, taratibu, kama alivyouona utotoni. Kisima kilikuwa na kina ambacho maboksi yao ya jukwaani hayakuwahi kukifikia, na macho ya Blessing, mapana kama ukuta, yalimtoa machozi. Lakini sauti! Ilikuwa tamu mno, sauti ya kutangazia sabuni. Damu nayo ilipendeza kupita kiasi, na waliopaswa kuogopa walikuwa wakitafuna bisi. Nusu ya moyo wake ilishangilia, nusu ikasaga meno.

Mume akazama. Yowe, giza, kisha majina ya walioshiriki. La Twahira halikuwemo.

"Wimbo wa kumuaga uko wapi?" alinong'ona.

"Nimeukata, mama. Unachosha. Nani siku hizi anasubiri nyimbo za mashangazi?"

Makofi yakalipuka. Yalipokoma, kulibaki tone.

Tone moja, kisha jingine, likidondoka mahali pasipo na bomba, na harufu ya ukoga na majani yaliyooza ikapanda kutoka chini ya viti, ikayameza manukato na bisi, hadi watu wakanyamaza mmoja mmoja, kwa sababu skrini ilikuwa imezimwa, taa zimewaka, mapazia yamefunguliwa, jua la alasiri linaingia madirishani, na bado mwanamke yule wa kisimani hakuwa ameondoka: alikuwa ameketi mapajani pa Godwin, nywele zake zikichuruzika maji shingoni mwa kijana, kama mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa na akaona akae tu, na Godwin alipofungua kinywa apige kelele, yalitoka maji, maji meusi yenye vipande vya majani ya mgomba.

"Mama Twahira," Blessing alilia kwa sauti ya chini, "imba, tafadhali! Anakufa!"

Twahira akajifunga kanga, akasimama, akaimba. Sauti ilikuwa bado ipo, nzito, yenye mikwaruzo yake. Hakuna aliyetafuna kitu. Kila mstari uliyarudisha maji nyuma kidogo, mpaka Godwin akavuta pumzi, akalia kama mtoto.

Ulibaki mstari mmoja. Twahira akanyamaza.

"Malizia," alinong'ona Godwin, meno yakigongana. "Mama, nakuomba, malizia."

Twahira akamwinamia kwa upole, kama mwalimu anayemfunga mtoto kamba za viatu.

"Huo wa mwisho, mwanangu, si uliukata?"

Godwin hakufa. Alitoka akiyumba hadi nje juani, na wote waliona nyayo kwenye sakafu ya saruji: za viatu vyake, na kando yake za miguu mitupu, iliyolowa, isiyo na haraka.

Twahira alivua kanga, akaikunja vizuri. Ilikuwa kavu kabisa.