Msikilizaji wa Beting Lama

Maji ya mtungi wa ngazini yalikuwa na chumvi. Selamah aligundua aliposukutua kwa udhu wa alasiri. Akatema, akageuka kutazama nyuma yake. Mtungi ule ulijazwa maji ya kisima, na kisima chenyewe alikinywea adhuhuri ile ile, maji matamu. Akaumwaga, akaujaza upya. Kesho yake alasiri, chumvi tena.

Alimshuku mkwewe. Norlida, mke wa mwanawe Zakri, alikuwa mtoto wa mjini, na tangu aolewe hakuacha kusema kwamba ile nyumba ya mbao iliyokaa juu ya nguzo ibomolewe upande wa mbele, pajengwe vyumba vya wageni wanaokuja kupiga picha ufukweni. Selamah akajisemea kwamba huyu ameanza na maji, atamalizia na paa. Alipomuuliza, Norlida alicheka huku ameshika tumbo lake la miezi saba.

“Mama, hata viatu vyangu mwenyewe sivioni. Ndoo ya maji ya bahari nitaibebaje?”

Jibu lilikuwa na akili, na Selamah akazidi kumshuku.

Mumewe, Deraman, alikaa barazani akishona wavu ambao hakuna aliyeuhitaji. Zamani yeye ndiye aliyekuwa msikilizaji wa kijiji cha Beting Lama. Boti zikifika kilindini alishuka majini, akashika ubavu wa boti, akazamisha kichwa, na akiibuka alisema ni samaki gani, wako wapi, wengi au wachache, na wanaume walitupa nyavu kwa neno lake. Kisha tajiri wa boti akafunga mashine yenye kioo, inayoonyesha samaki kwa rangi, akampa Zakri aisome. Baba akabaki nchi kavu, mwana akakaa mahali pake. Na sadaka ya pwani, ule wali wa manjano na kichwa cha nyati ambavyo wazee waliwapelekea wenye bahari, wale majini wa pwani, kila mwaka, ilikuwa imekwisha kukomeshwa. Imamu mpya alisema ni shirki, na vijana walimshukuru kwa kuwapunguzia gharama. Deraman aliyapokea yote mawili bila kugomba, na ukimya ule ulimkera mkewe kuliko ambavyo ugomvi ungemkera.

Baada ya maji ukafuata wali. Selamah aliupika, akaufunika, na alipoufunua ulikuwa umelowa, hauna ladha yoyote, kama umekwisha kuliwa na mtu akaurudisha sufuriani. Ulinuka tope la mikokoni. Akaanza kufunga mlango wa jikoni kwa kamba, akamnunia bila sababu jirani yake muuza budu, ule mchuzi wa samaki waliochachushwa, akahesabu nani ameingia na nani ametoka. Halafu siku moja mchana, akitwanga samaki wa kutengeneza keropok, vile vitafunio vya kukaanga, alisikia kitu kikiguna chini ya sakafu. Aliujua mguno ule. Ni wa wale samaki wa tope wanaoguna kama chura wanapotolewa majini, ila huu ulikuwa mmoja, mnene, wa taratibu, nao ulihama kila alipohama yeye.

Alikwenda barazani. “Baba Zakri, unasikia?”

Deraman hakuinua macho. “Sisikii kitu.”

Hapo ndipo moyo ulipomruka Selamah. Mtu aliyesikia samaki chini ya pima nyingi za maji, leo hasikii kilicho chini ya kiti chake. Akaacha kumshuku mkwewe.

Siku iliyofuata, maji yakiwa yamekupwa na jua liko utosini, alimfuata kwa mbali hadi mdomo wa mto. Alimwona akipiga magoti kwenye maji ya kina kifupi, akizamisha kichwa, akikaa hivyo muda ambao Selamah alishindwa kuuvumilia. Mapovu yalitoka mfululizo, yakakoma, yakatoka tena, jinsi ya mtu anayeongea na kungoja jibu. Deraman aliporudi nyumbani, Selamah alikuwa ametangulia, amejificha nyuma ya mlango. Mumewe alipanda ngazi peke yake. Kwenye vidato zilibaki nyayo za maji, jozi mbili, na ile ya nyuma ilinuka tope.

Jioni Norlida alimfuata jikoni. Hakuwa akicheka tena. Alimshika mkono akamketisha chini.

“Mama, weka sikio hapa,” alinong’ona. “Uniambie naota.”

Selamah akaweka sikio juu ya tumbo la mkwewe, akangoja teke la mtoto, na badala ya teke akasikia mguno, mnene, wa taratibu, ukiita kutoka ndani ya tumbo, na punde, kutoka chini ya sakafu palepale walipokaa, mguno wa pili ukauitikia.

Asubuhi walimleta Mak Teh Jenab, mkunga na mganga wa ng’ambo ya mto, ambaye siku hizi watu walimwita kwa kificho. Alikataa kupanda ngazi. Alisimama uani, akaonja maji ya mtungi, akamwita Deraman atoke.

“Huyu hakuingia mwenyewe,” alisema. “Nani kamkaribisha?”

Zakri alikuwapo, na Selamah na Norlida. Deraman aliwatazama mmoja mmoja.

“Walimwachisha chakula chake kama walivyoniachisha mimi kazi yangu,” alisema kwa sauti ya chini. “Nilimhurumia. Yeye peke yake ndiye aliyeniuliza nasikia nini.”

“Ulimwahidi nini?”

“Nilimwambia aje akae. Nikamwambia, cha nyumba hii ni chako.”

Norlida akakumbatia tumbo lake. Zakri alimwangalia baba yake kama ndiyo kwanza anamwona leo, kisha akamwambia polepole kwamba mtoto huyo naye ni wa nyumba hii. Deraman alifumba macho. Aliapa kwamba hilo hakulifikiri. Mak Teh Jenab hakumfariji. Alisema jini huyo anamtafuta msikilizaji mpya kwa sababu wa zamani anazeeka, na aliyemwita ndiye wa kumkataa, kwa mdomo wake, kulekule alikomwitia. Akamwonya kwamba jini hataondoka mikono mitupu.

Wakashuka wote pwani. Deraman aliingia majini hadi kiunoni, mwanawe akimfuata nyuma karibu, akazama mzima mzima, na juu yake maji yakatulia kama mafuta huku mawimbi ya pembeni yakiendelea kuvunjika, na kutoka chini ukaanza mguno, kwanza mmoja, halafu mingi, ukapanda kwenye mchanga, ukapita katika nyayo za watu hadi magotini, hadi menoni, na Norlida akapiga magoti akiziba tumbo kwa mikono yote miwili kama anayeziba masikio, na Zakri akapapasa maji akimtafuta baba yake asimpate mahali ambapo alikuwa amemwona akizama, mpaka ghafla kila kitu kikanyamaza, na Deraman akaibuka mbali kidogo, damu ikimtoka masikioni.

Maji ya mtungi yalirudi kuwa matamu. Mtoto alizaliwa salama, msichana, wakamwita Suraya. Nyumba ilibomolewa mbele, vyumba vikajengwa, na Selamah hakuwa na nguvu ya kubisha. Hospitali walisema masikio ya Deraman yote mawili yamekufa. Siku ya Idi watoto walilipua fataki nyuma ya kiti chake naye hakupepesa macho. Mkewe alijifunza kumwambia mambo kwa mikono, naye alitii, akala vizuri, akawa mpole kupita alivyowahi kuwa.

Upole huo ndio uliomnyima Selamah raha. Alasiri moja alikuwa jikoni, nyuma kabisa ya nyumba, akimbembeleza mjukuu. Upepo wa bahari ulipiga mabati, na mumewe alikuwa kwenye baraza mpya, upande wa pili wa vyumba vyote vile. Aliinama juu ya mtoto, akasema chini kwa chini, midomo ikisogea kidogo tu:

“Sijui kama aliyerudi ni babu yako.”

Barazani sauti ya Deraman ikajibu taratibu, “Ni mimi, Mama Zakri. Usimtishe mtoto.”

Selamah hakugeuka. Aliweka viganja vyake juu ya masikio ya Suraya, akavikandamiza hapo.