Amri ya Mlango wa Manjano

Foleni ya kumwona mchoraji ilikuwa imeuzunguka ukumbi wa tamasha la katuni mara mbili. Corinne Hruska alikwama katikati yake, kati ya mtu aliyevaa kama jini la kadibodi na msichana mwenye mbawa, ndipo zipu ya ovaroli yake ya rangi ya chungwa iliponasa kwenye begi la kijana aliyekuwa mbele.

"Usivute," kijana alisema bila kugeuka. "Ukivuta tutatembea hivi mpaka Jumatatu."

Akatoa bisibisi ndogo mfukoni, akapinda mkono nyuma ya mgongo na kuinasua zipu bila hata kuiona. Na yeye alivaa ovaroli ya chungwa, ila yake ilikuwa na madoa ya grisi magotini na harufu ya chuma. Corinne, ambaye yake aliishona mwenyewe wiki tatu nzima na kuibandika namba sita kifuani, akamsifu kwa madoa yale: yalifanana kabisa na ya kwenye katuni.

"Hii siyo ya tamasha, Namba Sita. Natoka kazini. Mimi ni fundi wa lifti."

Aliitwa Wendell Tibbs. Mabega yalikuwa mapana, nywele zimekaa kama za aliyelalia upande mmoja, na akicheka alifumba jicho la kushoto. Corinne alipanga vitabu katika maktaba ya mtaa, na zilikuwapo siku ambazo hakutamka zaidi ya salamu na tarehe za kurudisha vitabu. Lakini siku ile, katikati ya jiji la Pittsburgh, alizungumza saa mbili bila kumeza mate.

Walizungumza nini kingine zaidi ya Kituo cha Tisa? Ilikuwa katuni ya kutisha ya mtandaoni: watu kumi na mmoja wamefungiwa katika maabara chini ya ardhi, lifti imekatwa, na kitu fulani kinatembea ndani ya kuta. Kila Alhamisi wasomaji walituma amri, mchoraji akachagua moja, akaichora, lije litakalokuja. Kilichochorwa hakikufutwa. Nadharia zikazaliwa kama uyoga. Wapo walioapa kwamba sauti ya kwenye kipaza sauti ni ya mmoja wa waliofungiwa. Wapo waliosema kituo kile hakipo ardhini bali kwenye meli. Wendell aliamini lifti ilikatwa kutoka ndani, akaeleza kwa vidole jinsi kebo inavyokatika, na Corinne akajikuta anavitazama vidole kuliko kebo.

"Mimi nasikiliza mabomba," Corinne akasema. "Ukitazama vizuri, alama za sauti zimechorwa upande mmoja tu. Mabomba yanaimba upande ule tu."

Wendell alimtazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa katika mji wa ugenini. Kisha akaomba namba yake ya simu.

Ikawa raha ya miezi minne. Wendell alimpigia simu akiwa juu ya paa la lifti, sauti ikirudi na mwangwi, akidai kuna kitu kinapumua ukutani. Corinne alijibanza kati ya rafu, akamwambia asimchekeshe, watu wanasoma. Jumamosi walikula sandwichi zenye chipsi ndani, wakabishana juu ya kurasa mpya hadi mhudumu akawauliza nani kafa.

Na kweli mtu alikuwa amekufa. Tobin, mpishi wa kituo, yule aliyewaita wenzake kwa "Supu inapoa" hata taa zikiwa zimezimika, alipotelea katika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Msomaji aliyejiita Nondo Arobaini alituma amri: fungua mlango wa manjano. Tobin akaufungua, moshi mweupe ukammeza, mlango ukajifunga. Tangu hapo wasomaji walikaa matanga: wakirudia hadithi, waliruka kutoka mia mbili na kumi na moja hadi mia mbili na kumi na tatu. Corinne alikaa matanga hayo miaka miwili.

"Huyo Nondo," alimwambia Wendell zaidi ya mara moja, "nikikutana naye simpi hata salamu."

Wendell alicheka kwa kuchelewa kidogo, kisha akaanza habari nyingine.

Alhamisi moja ya Februari, theluji imejaa madirishani, Wendell alikuwa jikoni kwake akigeuza pierogi, sambusa za Kipolandi, kwenye siagi. Akamwambia mpenzi wake atume amri yao kwa kompyuta yake kabla muda wa kutuma amri haujaisha. Corinne akafungua ukurasa. Juu ya kisanduku cha amri, jina lilikuwa tayari limeandikwa: Nondo Arobaini.

"Ni wewe," alisema.

Wendell akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakukana.

"Miezi minne namtaja mbele yako, nawe unacheka."

"Ipo sababu, Corinne."

"Niambie."

Akaangalia chini. "Hiyo siwezi."

Lingekuwa jibu lolote lingine, Corinne angekaa. Alichukua koti, akasahau glovu moja mezani, na pierogi zikaungua nyuma yake. Kilichomuuma haikuwa Tobin. Ni kwamba alimfungulia mtu mmoja tu duniani kinywa chake, na mtu huyo alikuwa na chumba alichokifunga.

Wendell alipiga simu siku tisa mfululizo. Siku ya kumi akaacha, na ukimya ule ukawa mbaya kuliko simu.

Majira ya kuchipua mchoraji akatangaza kwamba hadithi inaisha. Amri ya mwisho ingepokelewa Pittsburgh, katika ukumbi uleule, na kuchorwa mbele ya watu. Asubuhi ya siku yenyewe Corinne alikuwa akipitia ramani zake za mabomba, na safari hii ramani haikukubali aruke ukurasa wowote. Alishusha pumzi, akafungua ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.

Chini ya picha kulikuwa na kitufe cha sababu ya amri. Mara ya kwanza machozi hayakumruhusu kukibonyeza. Sasa alikibonyeza.

"Jana kuna mtu aliandika kwamba mabomba yanaimba upande ule tu," Nondo Arobaini alikuwa ameandika, "na penye sauti pana hewa. Walimcheka hadi akafuta. Mimi namwamini, na upande ule kuna mlango mmoja tu, wa manjano."

Corinne alikaa kitako sakafuni. Ilikuwa nadharia yake ya kwanza kabisa, aliyoiweka kwenye jukwaa la wasomaji mtandaoni kwa jina la tarakimu tupu, ikadumu chini ya siku moja. Siku zote alidhani wameisoma wale waliocheka tu. Na Wendell alikuwa amemjua tangu kwenye foleni. Miaka miwili alitukanwa peke yake, na alipompata wa kugawana naye matusi, akamficha yasimpate.

Alimpigia. Simu haikupatikana.

Ukumbini kulikuwa na watu kama mia nane. Mchoraji, Bi Ostrander, mwanamke mfupi mwenye sweta la bluu, alikaa jukwaani, mkono wake ukionekana kwenye skrini kubwa. Kipaza sauti kilipita, watu wakapiga kelele: vunja lifti, choma maabara. Corinne akanyanyua mkono kabla hajapata nafasi ya kujizuia. Akasimama ndani ya ovaroli yake ya namba sita.

"Nondo Arobaini hakumpoteza Tobin," alisema. "Wazo la mlango wa manjano ni langu. Yeye aliniamini tu."

Watu wakaguna, mmoja akazomea. Corinne alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Na bado naamini. Amri yangu ni hii: warudi kwenye mlango ule. Wasiufungue. Wagonge."

Bi Ostrander akavua miwani. "Miaka miwili," alisema polepole, "nangoja mtu agonge."

Kalamu ikaenda. Ngumi juu ya rangi ya manjano. Kisha kisanduku cha picha kitupu. Kisha, kutoka upande wa pili, mistari mitatu ya sauti ya mkono unaogonga, na chini yake herufi ndogo: "Supu imepoa."

Ukumbi ukalipuka. Jini la kadibodi lilimkumbatia asiyemjua. Corinne alikuwa akilia na kucheka, ndipo mtu alipogonga mara tatu kwenye meza iliyokuwa kando yake.

Wendell alikuwa na grisi hadi shavuni. Aliomba radhi kwa kuchelewa. Alikuwa ndani ya shimo la lifti, simu haishiki mtandao.

"Nilikusikia toka mlangoni. Ungejilaumu," alisema. "Ndiyo maana sikukwambia."

"Ningejilaumu, ndiyo. Lakini tungekuwa wawili."

Akatoa kutoka mfuko wa kifuani glovu moja ya sufu, imekunjwa vizuri. Hakumpa bado.

"Hodi," akasema.

Corinne akamnyooshea mkono mtupu. "Umechelewa, Fundi," alisema. "Karibu."