Tangi la Miaka Thelathini

Walikutana katika duka la vifaa vya ujenzi, asubuhi ya msongamano. Yeye, katika gauni la kijani na viatu vizito vya kazi, alikuwa akilibonyeza tangi la maji la plastiki kwa kidole gumba kama anayechagua parachichi.

"Dada, hilo halijaiva," akamtania wakala wa kiwanda cha matangi hayo, kijana wa shati lililonyooka kwa pasi.

"Likiiva litapasuka. Kazi yangu ni kujua lini."

Hakuwa akitania. Alikuwa mtafiti, na katika maabara alichunguza jinsi plastiki inavyozeeka. Vipande vingine alivioka katika kabati la joto, vingine akaviacha juani darini, juu ya paa la maabara, miezi mingi, kisha akavivuta kwa mashine mpaka vikatike. Wakala akaomba namba yake, na haukupita muda penzi likakolea. Akamwita Daktari, naye akaitwa Bwana Matangi.

Jioni moja, wakila, mtafiti akamwambia kwa furaha, "Vipande vya kiwanda chenu vimelimudu joto la kabati. Ila vya juani bado sijavipima."

Mwanamume akambusu kiganja. Alichosikia ni nusu ya kwanza tu.

Wiki iliyofuata mtafiti alikuwa saluni, kichwa kimesukwa upande mmoja, aliposikia sauti ya mpenzi wake redioni: "Matangi yetu hudumu miaka thelathini. Maabara imethibitisha."

Hasira zikampanda. Alitoka na nywele zake nusu nusu, simu sikioni.

"Nani amethibitisha?"

"Wewe, mpenzi. Si ulisema..."

"Nilisema bado. Hulijui neno bado?"

"Daktari wangu, usikasirike, ni tangazo tu."

"Usiniite wako." Akakata.

Kesho yake mkuu wa maabara alimuuliza mbele ya wenzake kama ameliuza jina lao kwa mapenzi. Akapanda darini, akavichukua vipande vya juani. Kimoja kilimkatikia mkononi kama biskuti, hata kwenye mashine hakijafika.

Mama yake akapiga simu. "Nimenunua tangi, mwanangu. Si mkwe wangu amesema redioni? Limeshapandishwa juu ya choo, limejazwa pomoni."

Aliketi chini kwa hasira, akamwomba asikae chini yake mpaka afike. Chini ya tangi lile ndipo mama yake alipofulia kila siku.

Siku hiyo hiyo akamwita yule mwanamume darini, akampa kipande. "Kunja."

Kikakatika. Mwanamume akaviangalia vile viwili, uso umemshuka.

"Nilidhani umemaliza," akasema. "Haki ya Mungu, nilidhani nakusifu."

"Ulidhani. Mama yangu anafulia chini ya dhana yako."

Aliondoka, na siku mbili hakupiga simu. Mtafiti akazikasirikia na hizo siku mbili.

Siku ya tatu akaenda kwa mama yake kuliondoa tangi. Akamkuta mwanamume juu ya choo, shati limelowa, analishusha kwa kamba.

"Kasikilize watu wanasema nini," mama akamnong'oneza. "Amerudi redioni, amesema alisema uongo, wenye matangi wayaondoe juu. Kiwanda kimemfukuza saa ile ile."

Tangi likatua. Mwanamume akashuka, akasimama mbali naye.

"Sikuja kuombewa msamaha na mama," akasema. "Nimekuja kwa tangi. Ila kwa kuwa upo: nataka kukuoa. Sina kazi, na najua unanichukia."

"Sikuchukii. Nina hasira, ni vitu viwili tofauti." Akakunja uso. "Nitakuwa nazo muda mrefu. Nitakukumbusha tukila, nitakukumbusha tukilala."

"Nitasikiliza. Mpaka mwisho wa sentensi."

Akamtazama, bado amekunja uso, kisha akamkamata mkono kwa nguvu, karibu kumuumiza.

"Basi nioe. Hasira hizi haziishi leo, na sitaki ziniishie ukiwa mbali."