Simu Ilikula Stima ya Nani?

Kila Jumamosi asubuhi mimi hukama ng'ombe, kisha huchuma majani chai na mama mpaka saa nne. Baada ya hapo hupenda kukaa verandani nikicheza mpira kwenye simu yangu, bila kusumbuliwa. Lakini tangu kaka yangu Moffat alete ile takataka, veranda yetu haikuwa na raha tena.

Naiita takataka kwa sababu sikuipatia jina bora. Moffat hutengeneza simu sokoni Othaya, na mteja mmoja alimwachia laptopu kuukuu. Kioo kilikuwa kimepasuka, nusu ya herufi zimeng'oka, na betri ilikuwa imevimba hata Moffat akaitoa. Mtu mwenye akili angeitupa. Yeye aliilaza juu ya kabati la verandani, akaiunganisha na waya wa stima na kisanduku cha Wi-Fi, akatangaza kwamba sasa tuna seva. Eti ingehifadhi mitihani ya zamani na picha, na jirani yeyote angevisoma kwa simu bila kununua bando.

"Seva gani haina hata herufi M?" nikamuuliza.

"Seva haihitaji sura, Gathogo. Inahitaji stima tu," akanijibu.

Watoto wa jirani wakaanza kujaa. Aliyenichosha zaidi ni Beverlyne, binti wa polisi aliyepanga nyumba iliyopakana na yetu. Kwa wiki kumi na mbili alikuwa akipiga picha za sukumawiki alizopanda kwenye magunia, kwa ajili ya mradi wake wa Gredi ya Nane. Simu ya mama yake haikuwa na nafasi, kwa hivyo kila picha aliihifadhi katika seva na kuifuta kwenye simu. Nilimwona mjinga kuamini kitu kama kile, na nilimwambia hivyo.

Jumamosi moja ya Julai, ukungu ukiwa umetanda, simu yangu ikaisha chaji katikati ya mchezo. Ekstensheni yetu ina soketi mbili tu zinazofanya kazi. Moja ilikuwa na taa ya kuwapasha joto vifaranga wa mama, na katika baridi ya Julai hakuna mtu wa kwetu anayethubutu kugusa taa ya vifaranga. Ya pili ilikuwa ya takataka. Nikaichomoa.

Simu ilipojaa nilirudisha plagi ya seva. Taa yake ndogo ikawaka, lakini hakuna kilichofunguka. Beverlyne, aliyekuwa ametuma picha ya asubuhi hiyo akiwa kwao na kuifuta kwenye simu kabla tu sijachomoa plagi, akaja kuitafuta, akaikosa, akaenda kumwita Moffat ndani.

"Nani ameigusa?" Moffat akauliza.

"Hakuna. Imekuwa ikizima yenyewe tangu asubuhi," nikasema. "Si nilisema ni takataka?"

Moffat akashusha pumzi. "Basi diski inayohifadhi faili imekufa. Nitaitupa niweke ingine, tuanze upya."

"Na picha zangu?" Beverlyne akauliza. "Mradi unatakiwa Jumatatu."

 Moffat akachukua bisibisi aifungue laptopu. Mimi niliyejua ukweli nikaigeukia simu yangu, na bado naona haya nikikumbuka.

Mama alikuwa akiwawekea vifaranga maji. Akaninyooshea mkono. "Lete hiyo simu." Akaitazama. "Imejaa kabisa. Soketi ni mbili. Vifaranga wangu wako hai, wote hamsini. Sasa niambie, hii simu ilikula stima ya nani?"

Nikatazama chini. "Ya seva. Niliichomoa."

Moffat akaweka bisibisi mezani. "Kumbe diski ni nzima. Ilikatiwa stima ikiandika, ndiyo maana faili zimevurugika." Akaleta kompyuta yake ya kazi, akaanza kuzirekebisha. Baada ya saa moja picha zote zilirudi, isipokuwa ile ya asubuhi.

"Wiki kumi na mbili, ati kwa sababu ya mpira wa simu," Beverlyne akasema bila kupandisha sauti. Alinitazama vile nilivyozoea kuitazama ile laptopu.

"Kuichomoa ni utundu, na utundu hutengenezeka," mama akaniambia. "Uongo wako ndio ungetupilia mbali kazi ya mtoto wa watu pamoja na diski nzima. Hiyo mashine haina betri wala herufi M, lakini haijamdanganya mtu. Wewe uliyekamilika umetudanganya sote. Haya, umuombe Beverlyne msamaha, kisha uende kwa magunia yake umpigie hiyo picha moja iliyopotea. Simu yako iko na chaji ya kutosha."