Mikono Ishirini ya Kushoto

Fundi alikata, mkewe akashona. Ndivyo walivyofanya kazi miaka kumi na miwili, katika chumba chao cha mbele kinachotazama barabara. Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi. Mkasi ukienda, na mdomo unaenda.

Lakini kwa wiki tano sasa mdomo ulikuwa umefunga duka. Fundi hakula vizuri, hakulala vizuri, hakumtania mtu. Alikaa na chaki mkononi, akikodolea macho kitambaa. Mkewe akiuliza, jibu lilikuwa moja: "Nimechoka tu, mama."

Jumatatu asubuhi mke alianza kuunga mikono ya mashati ya shule. Mkono wa kwanza ulikaa. Wa pili ulikataa. Akaugeuza, upande wa ndani wa kitambaa ukatokea nje. Akapekua lundo zima. Mikono ishirini, yote ya kushoto.

Kosa hilo hata anayejifunza wiki ya kwanza halifanyi. Aliogopa kuwa mumewe anarukwa na akili. Aliogopa mtaa ukijua, watoto watachekwa. Akaificha mikono chini ya meza, akashusha pazia la chumba cha nyuma. Wateja wakija, aliwaambia, "Fundi hayupo, amesafiri." Na fundi yuko nyuma ya pazia, anasikia.

Alhamisi alikuja muuguzi wa zahanati kuchukua sare yake.

"Fundi hayupo, amesafiri," mke alisema.

"Kasafiri pekupeku?" muuguzi aliuliza. Viatu vya fundi vilikuwa mlangoni.

Mke alitaka kucheka, akaangua kilio. Akaeleza yote kwa kunong'ona, akamwonyesha ile mikono.

"Huo si wazimu, dada, wala si uvivu," muuguzi alisema. "Huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Usingizi unapotea, hamu ya kula inapotea, kazi haina raha tena. Mtu akikaa hivyo wiki mbili au zaidi, apelekwe akapimwe."

"Kwa nini sisi tu?"

"Nani kakwambia ni nyinyi tu? Watu wazima wenye dalili hizi ni wengi. Mimi nawapokea kila mara. Wengine wanasema wanaumwa kichwa, wengine mgongo. Kila mmoja anadhani yuko peke yake, kwa sababu wote wanaficha. Naweza kuongea naye?"

Fundi alikuwa ameketi kitandani. Muuguzi alimuuliza habari za usingizi na chakula. Kisha akauliza taratibu, "Kaka, umewahi kufikiria kujiua?"

Mke alishikilia pazia. Swali hilo alikuwa amelikwepa wiki zote tano. Aliogopa kuwa kulitaja ni kumfundisha.

"Ndiyo," fundi alisema. "Kila nikisikia mke wangu anasema sipo, naona afadhali nisiwepo kweli."

Mke akaachia pazia, akaingia ndani. "Nilikuficha nisikupoteze," alisema.

"Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo," muuguzi alimwambia mke. "Kunampa nafasi ya kusema. Sasa mkasi na visu uvifungie. Asibaki peke yake. Na zahanati tunakwenda leo hii."

Walikwenda watatu. Daktari alimpa fundi dawa, na siku za kurudi kuzungumza na mshauri. Nafuu haikuja haraka. Kwa wiki kadhaa mke aliogopa hata kutoka kununua sabuni.

Siku moja mwalimu mkuu alikuja kuulizia mashati. Alikuwa mkali, watoto walimkimbia. Mke akapiga moyo konde.

"Fundi yupo, mwalimu. Anaumwa sonona. Anatibiwa."

Mwalimu akavuta stuli, akakaa. "Mimi nilitibiwa mwaka juzi," alisema. "Watu niliwaambia ni vidonda vya tumbo."

"Na dada yangu pia," alisema mteja mwingine aliyesubiri mlangoni.

Pazia likasogea. Fundi akatoka, pekupeku.

"Mwalimu, mashati yako yana mikono ya kushoto tu," alisema. "Nipe wiki moja."

Mke akatandika kitambaa mezani. Fundi akachora mkono wa kulia kwa chaki. Mkasi aliushika mke.

"Polepole, mama," fundi alisema. "Hicho ni kitambaa, si kuni. Na ulimi uurudishe mdomoni, usije ukaukata."

Mke aliendelea kukata, machozi yakimtoka, na fundi aliendelea kumtania.