Efrazia Aongoza Wimbo

Kila Jumamosi, Brightness akishafagia zizi na kuchota maji, alimwogesha mdogo wake Efrazia na kumketisha kwenye kiti chake cha mbao. Efrazia alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hakuweza kusema, na mikono yake ilikakamaa.

Jumamosi hiyo nyumba yao ya Endagikot ilijaa watu mpaka mlangoni. Dada Konsolata, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka Mbulu mjini, alikuja kuangalia kinanda cha umeme alichowaazima. Kilitumia betri ya gari, na kiliunganishwa na kitufe chekundu, kipana kama sahani. Ukikigusa kidogo tu, kinanda kinatoa mlio wa ngoma.

"Shikamoo, dada," Brightness alisalimia.

"Marahaba. Mgonjwa wetu hajambo?"

"Ati mashine inatibu!" alidakia mama Tito, jirani ambaye habari zote za kijiji huanzia kwake.

Dada Konsolata alicheka. "Haitibu, mama. Inaupa mkono hamu ya kunyooka. Akigusa kitufe mwenyewe leo, kinanda kinabaki. Akishindwa, nakipeleka Dirma. Huko kuna mtoto anakisubiri."

Brightness alishtuka. Kila yeye alipokigonga kitufe, Efrazia alicheka mpaka machozi. Kikiondoka, atabaki anatazama ukuta kama zamani.

Majirani wakaanza kuimba wimbo wa mavuno ili kumtia moyo, wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa. Efrazia aliwatazama tu. Mkono haukusogea. Brightness akapenyeza mkono wake chini ya khanga ya Efrazia, akamsukuma kiwiko. Du! Watu wakapiga makofi.

"Weee! Brightness kamsukuma! Nimemwona!" Tito alipayuka.

Brightness aliinamisha kichwa. "Ni kweli, dada. Niliogopa mtakichukua."

Dada Konsolata alishika waya wa kinanda auchomoe, akasita. Hapo bibi yao Justina, mwimbishaji wa harusi zote za pale, akainuka.

"Ngoja, mwanangu. Na ninyi, tangu lini waitikiaji wakaanza kabla ya kiongozi? Mtoto mmemwachia nafasi gani? Leo kiongozi ni Efrazia. Funga mdomo, mama Tito!"

Wakasubiri. Kuku akapita katikati ya miguu ya watu, hakuna aliyemfukuza. Bega la Efrazia likatetemeka. Vidole vikafunguka taratibu, vikateleza, vikarudi.

Du!

Nyumba nzima ikaitikia, kisha ikanyamaza. Efrazia akacheka, akagonga tena, safari hii upesi zaidi. Wakaitikia tena. Mama Tito alikuwa analia waziwazi.

Dada Konsolata aliachia waya. "Kinabaki. Yule wa Dirma nitamtafutia kingine." Kisha akamshika Brightness bega. "Ulipomsukuma, ngoma ilikuwa yako. Hii ni yake. Ukimpenda mdogo wako, useme ukweli kuhusu anachoweza, halafu uwe na subira. Umenisikia?"

"Nimesikia, dada."

Dada Konsolata alitaka kuongeza neno, lakini Efrazia aligonga tena, na ikabidi naye aitikie.